Mnamsimamia muuza waranti, anayeumia ni fundi wangu

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa 2013, habari za bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar, na barua ile hukuichapa. Sikununa. Mwaka ule Mtwara kila mtu alikuwa na lake la kusema. Nikakaa kimya, nikauza barafu yangu. Lakini ile makala yenu ya wauza waranti nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Mwandishi wenu anataka wanaouza waranti ya nyongeza, ile unayolipia juu ya bei ya kitu chenyewe, wasajiliwe, wakate leseni, na iundwe mamlaka ya kuwasimamia. Akatutolea mfano wa Marekani. Nina mtoto wa dada yangu anafanya kazi kwa wakili, nikamwomba anitazamie hao wenzetu wanafanyaje. Wasimamizi wa bima wa majimbo waliandaa sheria ya mfano, inayompa muuza mikataba hiyo njia tatu: akate bima ya kufunika madai, au atenge akiba isiyopungua asilimia 40 ya alichokusanya, ukishatoa madai aliyolipa, na juu yake aweke dhamana isiyopungua dola 25,000, au aoneshe kuwa mali yake, ukitoa madeni, inafika dola milioni 100. Dola, Mhariri. Milioni mia. Nani pale Chikongola, mjini kwetu Mtwara, ataruka ukuta huo?

Mimi hao wauza waranti nawajua. Msimu wa korosho, pesa za mnada zikianza kuingia, wanatoka na meza na mwavuli. Nilinunua friza ya barafu na pweza, shilingi 850,000. Kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi akaniita mzee wangu mara nne kabla sijafungua pochi, akaniuzia waranti ya miaka miwili zaidi kwa 95,000. Mwezi wa kumi na nne umeme ukacheza usiku, ukaja, ukaondoka, ukaja kwa nguvu. Asubuhi friza kimya. Ndani nina kilo arobaini za pweza wa watu, maji yamefika mpaka chini ya mkeka. Natafuta karatasi ya waranti, ni ile ya mashine, imefutika yote, nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Bahati mke wangu alikuwa ametoa kopi. Napiga namba, haipatikani. Siku ya sita ikapatikana, nikaambiwa fundi wao yuko Dar, nipeleke friza mwenyewe. Kutoka Mikindani! Zaidi ya kilomita mia tano, friza juu ya lori la watu, nimelipa mzigo, nimelipa nauli, nimelala kwa shemeji siku tatu. Wakaifungua mbele yangu. Kijana mwingine, shati lilelile, akaniambia kompresa imeungua kwa sababu ya umeme, na waranti haihusiki na mambo ya umeme. Nikamuuliza, mwanangu, friza hii ulitaka niiwashe kwa kuni? Akanionesha mstari wa chini kabisa. Nikavaa miwani, nikaongeza na ya mzee aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi, kweli umeandikwa.

Aliyeitengeneza ni fundi wangu wa hapahapa, anayekaa chini ya mwembe na mtungi wake wa gesi. Alibadili kompresa, akachana boksi, akaandika kwa kalamu ya wino: miezi mitatu, ikisumbua nipigie. Ilisumbua wiki ya pili. Akaja na baiskeli, akakuta paipu inavuja, akachomelea, hakutaka hata nauli. Sasa huyo, kwa sheria ya mwandishi wenu, ni mtu anayetoa waranti bila leseni. Yule wa shati la pasi atalipa ada, atapata cheti, atakitundika ukutani, na ule mstari wa chini utabaki palepale ukiwa na mhuri.

Na ada hiyo mnadhani atailipa nani? Itapanda kwenye bei ya friza. Ofisi, bodi, madereva, semina, vyote vitakaa kwenye friza ya muuza barafu. Hata sasa nikinunua umeme, karatasi inanihesabia VAT, asilimia 3 ya REA, wale wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji. REA sisemi kitu, imefikisha nguzo mpaka kwa wakwe zangu. Lakini kumlinda mlaji tayari ni kazi ya Tume ya Ushindani, kwa sheria ya mwaka 2003. Na yule mpwa wangu ananiambia ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: kitu ulichokinunua kwa kazi fulani, muuzaji akiijua kazi hiyo, sharti kiifae. Kwa hiyo nilitoa 95,000 kununua kipande cha haki niliyokuwa nayo bure.

Hapo ndipo nikakumbuka korosho. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ianze huku kwetu 2007, mkulima akipeleka gunia ghalani anarudi na orodha ya makato ndefu kuliko uzi wa kushonea hilo gunia: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama, na kila mstari una mtu anayekusimamia kwa faida yako. Mfumo wenyewe siukatai, walanguzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, walitunyonya. Nasema tu kwamba mkulima wa Tandahimba akisikia neno kusimamiwa, anashika mfuko.

Kama mnataka kunisaidia, mamlaka siitaki. Andikeni hivi tu: duka lolote linalouza waranti ya friza Mtwara liweke dirishani kompresa tatu mpya, nionazo kwa macho, na jina la fundi anayelala mkoa huuhuu. Kompresa zikibaki mbili, waranti zisiuzwe mpaka ya tatu irudi. Mkaguzi wa kazi hiyo ni mtoto yeyote anayejua kuhesabu mpaka tatu, mlipeni andazi. Na huo mstari wa chini uandikwe juu, kwa herufi za ukubwa wa bango la bei.

Ile ya 2013 uliitupa, sawa. Hii ukiona ndefu, kata korosho. Kompresa ziache.

Muuza barafu,
Mikindani, Mtwara