Hema la siku moja nalo ni jengo

Mhariri,

Nanenane ikikaribia, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hujaa mahema, mabanda na majukwaa ya mirunda. Ikiisha, zinafuata harusi na mikutano ya injili. Nyumba ya kuishi huombewa kibali, lakini hema la watu mia hufungwa asubuhi, mchana limejaa, na mara nyingi hakuna aliyelikagua.

Adui ni upepo. Ukivuma kilomita 72 kwa saa, unasukuma kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba; kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ukuta wa turubai wa mita 12 kwa 2.5 unabeba basi kama kilo 750. Na kinachoushika ni nini? Vigingi vya futi moja, vimepigwa wima kwenye udongo wa majivu ya volkano ambao Agosti ni vumbi tupu. Kigingi kikitikisika, tundu linapanuka, kinachomoka; mzigo wake unahamia cha jirani, nacho kinang'oka. Tumia nondo ya milimita 16, urefu wa mita 1, kichwa kikilalia nje, mbali na hema, kamba ifungwe usawa wa ardhi.

Penye sakafu ya zege kigingi hakiingii, hema hushikwa kwa uzito; lakini ndoo ya mchanga ya lita 20 ina kilo 30 tu. Pipa la maji la lita 200 kwa kila nguzo ndiyo kuanzia, na hata hilo huteleza kwenye sakafu laini.

Kosa baya kuliko yote ni kufunga turubai pande tatu na kuacha wazi upande unaotoka upepo. Hema linajaa upepo na kunyanyuka. Heri kufungua pande zote.

Majukwaa nayo huanguka kwa kulala upande, nguzo zikiwa nzima, kwa sababu hayakuwekwa mirunda ya mshazari. Kwaya ikicheza kwa mpigo mmoja, misumari peke yake haiwezi.

Cha muda si lazima kiwe cha ovyo. Baada ya tetemeko la Kobe mwaka 1995, msanifu majengo Shigeru Ban wa Japani alijenga nyumba za muda kwa mirija ya karatasi, msingi wake kreti za bia zenye mifuko ya mchanga. Vifaa rahisi, uzito mahali pake.

Tunawaomba waandaaji na halmashauri wateue mtu wa kukagua kila hema na jukwaa kabla watu hawajaingia, awe na mamlaka ya kuwatoa wote upepo ukichachamaa, hata mgeni rasmi akiwa anahutubia.

Mafundi mahema na majukwaa,
Uyole, Mbeya