Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Minnesota, Marekani, sisi wa chama chetu cha waendesha pikipiki. Safari za kiangazi, mafunzo ya leseni na michango ya misiba mnazifahamu, zote zilifanyika. Ada iliyokusanywa ni dola 2,280, wadaiwa ni 27 kati ya wanachama 46, salio dola 900. Kikao cha Agosti kiliahirishwa kwa kukosa akidi. Inaniumiza kwamba wasiofika vikaoni ndio wanaolalamika kwenye simu.

Sasa niende kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kamati kutumia dola 2,400 za akiba kununua spea na vifaa vya pikipiki za Kichina, viwekwe kwenye stoo ya chama. Imesemwa nimetupa fedha za chama. Sikubaliani, na hoja ile niliipeleka kamatini mimi mwenyewe.

Wengi wetu, huko tulikotoka, tumeona pikipiki za Kichina zikijaa vijiwe vya bodaboda. Bei peke yake haikuzifikisha pale. Spea ziko kila duka na fundi yuko kila kona. Marekani hilo ndilo lililokosekana. Skuta za Kichina za bei poa ziliuzwa mtandaoni, zikafika kwenye maboksi mnunuzi aunge mwenyewe; ikiharibika, muuzaji hapatikani. Jina likachafuka, na hata kampuni zenye kazi nzuri leo zinaubeba mzigo huo.

Hata Honda ya Japani ilianza kwa shida: ilipofungua ofisi Los Angeles mwaka 1959, pikipiki zake kubwa zilivuja oili na klachi zikafa, maana Wamarekani walikwenda mbali na kwa kasi. Zikarudishwa Japani kurekebishwa, huku Super Cub ndogo zikiendelea kuuzwa. CFMOTO, kampuni ya China ambayo ofisi yake ya Marekani iko Plymouth, hapa hapa jimboni kwetu, ilijenga mawakala kwanza kwa vyombo vya magurudumu manne vya porini. Pikipiki yake ya Ibex 450 ilipokuja kwa dola 6,499, ilikuta milango ya kuipokea. Njia ndiyo hiyo, mawakala kwanza. Cheti cha EPA, yaani mamlaka ya mazingira ya Marekani, na kile cha jimbo la California, ni ruhusa ya kuingiza na kuuza tu. Na kwa kuwa ushuru wa forodha wa 2025 ulikula sehemu ya unafuu wa bei, kampuni ya China isiyo na ghala la spea humu nchini itauza msimu mmoja, mteja asirudi.

Waliochukua pedi za breki na kebo za klachi kwenye stoo yetu mwaka huu badala ya kusubiri wiki kadhaa wananielewa. Wapinzani wakubwa wa stoo hiyo, nasema bila kutaja jina, wengi wamo kwenye orodha ya wadaiwa.

Mwakani tunatarajia kuzungumza na mawakala watupe bei ya jumla na, Mungu akipenda, tupate chumba kikubwa zaidi. Mweka hazina atapokea ada mlangoni kabla ya uchaguzi. Kwa mujibu wa katiba yetu, mdaiwa hapigi kura.

Mwenyekiti