YAH: Risasi zilizojazwa upya kuuzwa kama mpya za kiwandani

Kwa Meneja wa Mauzo,

Nilinunua kwenu boksi la risasi 20 za .308 Winchester. Boksi linasema ni mpya kutoka kiwandani. Si kweli: zimejazwa upya ndani ya maganda yaliyokwisha kupigwa, na sikuhitaji maabara kulijua hilo.

Nilizisimamisha mezani, vitako juu. Alama zilizogongwa kitakoni ni za aina tatu, ndani ya boksi moja! Nne zina msalaba ndani ya duara, yaani alama ya NATO. Maganda ya kijeshi hubanwa ukingoni mwa tundu la fataki, yaani kikofia kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, ili fataki isichomoke. Kwenye hizi nne mbano huo umekwanguliwa kwa kifaa, shaba bado inang'aa. Hakuna anayekwangua mbano wa ganda jipya. Hukwanguliwa fataki iliyolipuka ikishatolewa, ili nyingine iingie.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba mikwaruzo ni ya usafirishaji. Ile ya pembeni sibishani naye, kwa kuwa hata risasi iliyoingizwa chemba (sehemu ya bunduki inamokaa risasi ya kupigwa) na kutolewa bila kupigwa hukwaruzika. Wala sidai kwamba shingo ya ganda kukosa rangi ya kuchomwa kiwandani ni ushahidi. Viwanda vingi huing'arisha ikapotea. Lakini lori gani hukwangua tundu la fataki?

Kinachonitia hofu ni mbili zenye mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Ganda la namna hiyo huenda limeshavutika. Likipigwa tena laweza kukatika ndani ya chemba, na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni.

Sidharau risasi za kujazwa upya. Zangu za mazoezi hujaza mwenyewe, nikijua ganda limepigwa mara ngapi na lina baruti ipi, kiasi gani. Za kwenu sijui lolote. Isitoshe, watengenezaji wengi wa bunduki hukataa dhamana silaha ikiharibiwa na risasi za aina hii.

Nataka nirudishiwe fedha zangu zote, niambiwe nani alizijaza, na wanunuzi wengine wa toleo hili waonywe wasizipige. Namba ya toleo mmeifunika kwa stika. Nimeibandua, nayo inasomeka vizuri kwenye picha nilizoambatanisha. Risasi zote 20 ninazo, sijapiga hata moja.

Mteja wenu