Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kamera, Mikarafuu na Njia za Kutokea

Asalamu alaykum, wanachama wenzangu.

Mahesabu atayasoma mshika fedha. Suala la ada limeshazungumzwa vya kutosha barazani, sitalirudia. Miche ilifika na imegaiwa. Taarifa yangu ya mwaka huu karibu yote ni ya kamera, kwa sababu ndizo zilizotugombanisha, na ndizo mtakazozipigia kura.

Shida mnaijua. Mashamba yetu ni ya eka tatu tatu, yaliyogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukiyaunganisha unapata shamba moja kubwa lisilo ukuta, vilima na mabonde, na wenyewe wengine wako Chake Chake, wengine Unguja, wengine Muscat. Mwizi wa karafuu hapandi mti kwa adabu kama mchumaji. Anavunja tawi zima, anakwenda kulichambua kwengine, na msimu ujao tawi hilo halipo. Anayechukua zilizoanikwa anatutia hasara zaidi: kilo moja kavu imetokana na kama kilo tatu mbichi, ikachambuliwa makonyo na kugeuzwa juani siku kadhaa.

Wengi walitaka kamera za masafa marefu zifungwe juu ya vilima, zitizame mikarafuu. Boksi la ile tuliyoazima kwa majaribio limeandikwa mita 500, na anayesoma hivyo anadhani mwizi aliye mita 500 ataonekana sura. Haiwi. Kiwango cha kimataifa cha mambo haya, IEC 62676-4 cha 2014, kinahesabu pikseli, yaani vidoto vinavyojenga picha, zinazoangukia kila mita ya upana wa mahali panapotizamwa. Pikseli 25 zinatosha kujua kuna mtu. Kumjua mtu uliyemzoea zinatakiwa 125, na kumtambua usiyemjua, 250. Sasa chukueni kamera yenye pikseli 2,560 kwa upana na lenzi pana, yenye pembe ya kuona ya nyuzi 90: sura ya mgeni inaipata mita 5 tu mbele yake, na ukivuka mita 50 hata kuwepo kwake ni kubahatisha. Hesabu hii haitaki fundi, kalamu inatosha.

Ukivuta lenzi mpaka ibaki nyuzi 3, sura inapatikana hata mita 190, hewa ikiwa safi. Lakini hapo kamera inaona upana wa mita 10 basi. Mwizi akipita mita 20 pembeni, ndugu zangu, mmenunua picha ya majani. Zipo zinazogeuka zenyewe kumfuata mtu, nazo ni nzuri, ila zikimfuata mmoja zinampa mgongo mwenzake, na wezi wa huku hawatembei peke yao.

Usiku mambo huzidi. Taa za infraredi, za mwanga ambao kamera huuona na jicho karibu haliuoni, zikiwa za nanomita 850 hufika mbali, lakini mwizi akizitizama anaona wekundu na anajua pa kukwepa. Za nanomita 940 hazionekani, ila masafa yake ni mafupi. Halafu vijidudu hukusanyika kwenye kioo, na buibui hufuata chakula chake. Asubuhi moja tulikuta utando umefumwa kioo kizima, na kwenye picha ya usiku kila uzi ulitokea mweupe na mnene kama kamba ya mashua. Nyuma yake kungepita gari la karafuu tusingeliona. Simu ya tahadhari nayo ililia kwa kila komba na kila popo, mpaka mlinzi akaizima akalala. Simlaumu.

Kamera ya joto, inayoona joto la mwili, haihitaji mwanga na kwenye bonde la mpunga ingefaa. Kwenye mikarafuu haipenyi majani, na sura ya mtu haiitoi.

Kuhusu waya na umeme nitasema machache. Waya wa mtandao mwisho wake mita 100. Antena za gigahezi 5 hupeleka picha kilomita kadhaa, kwa sharti zionane, na mkarafuu mkubwa unafika mita 15, kwa hiyo bila ya nguzo ndefu hakuna kitu. Sola inafaa, ila betri ichaguliwe kwa mawingu ya vuli, maana vuli hukuta wachumaji bado wako shambani.

Rai ya kamati ni hii: tuache kutizama miti, tutizame njia za kutokea. Karafuu haitoki shambani kwa miguu yake. Iwe kwa pikipiki, gari au mashua, lazima ipite pale njia ya udongo inapokutana na lami, au bandari bubu chini ya mikoko. Penye lami, kamera ya kawaida iliyofungwa karibu na njia, na taa nyeupe juu yake, itatoa sura kuliko ile ya mita 500. Bandarini ndipo tuweke moja ya lenzi ndefu, kwa sababu mlango wa mkono wa bahari ni mwembamba na hauna majani. Fedha zitakazobaki ziende kwa walinzi: tochi, makoti ya mvua na malipo yasiyocheleweshwa. Kamera haimkamati mtu.

Akina mama wa upande wa bondeni walilalamika kwamba kamera ya majaribio ilikuwa inaona uani kwao, na walikuwa na haki. Ilishushwa siku ile ile. Hakuna itakayofungwa tena kabla Sheha na wenye nyumba za jirani hawajaitizama picha yake, na sehemu ya nyumba itazibwa ndani ya kamera yenyewe.

La mwisho ni neno la siri. Wanachama walio ng'ambo wameomba kila mmoja apewe ili atizame kwa simu yake. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera nyingi duniani kwa sababu tu wenyewe waliacha neno la siri la kiwandani. La kwetu litabadilishwa siku ya kufunga, na litashikwa na katibu pamoja na mkuu wa walinzi. Mwanachama anayetaka picha ataje siku na saa, atatumiwa.