Wito wa Harambee: Tunaomba Fedha za Msingi wa Madarasa ya Chekechea, Mabogini

Wapendwa wanausharika, wazaliwa wa Moshi mnaoishi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na ng'ambo, pamoja na majirani wote mnaoitakia mema kata yetu ya Mabogini,

Bwana Yesu asifiwe. Tunakuja kwenu tena, na hatufichi kwamba tunaona haya, kwa sababu ni ninyi hao hao mliochangia bati, madawati na milango ya madarasa mawili ya watoto wetu wa chekechea, na ni ninyi hao hao mliopokea habari kwamba madarasa hayo hayapo tena. Safari hii tunaomba kitu ambacho hakuna atakayekiona jengo litakapokamilika. Tunaomba fedha za kuchimba, kujaza, kushindilia na kumwaga zege chini ya usawa wa sakafu.

Tangu mafuriko ya masika ya mwaka 2024 watoto wanasomea ndani ya kanisa. Siku za kawaida mpango huu unavumilika, ingawa mabenchi yametengenezwa kwa ajili ya watu wazima na mtoto wa miaka mitano akikaa miguu yake inaning'inia, naye huandika akiwa amepiga magoti sakafuni. Tatizo ni siku za misiba. Usharika wetu ni mkubwa na maziko hayapangwi kwa kufuata ratiba ya shule, kwa hiyo mwili unapoletwa walimu hulazimika kuwatoa watoto na kuwaketisha chini ya mwarobaini hadi ibada iishe, na wapo watoto ambao wimbo wa kuhesabu wameujifunza huku jeneza likipitishwa mbele yao. Mvua ikinyesha siku hiyo hurudishwa nyumbani. Lakini kwa wengi wao nyumbani ni ng'ambo ya mfereji, na mfereji ukijaa hauvukiki, hivyo husubiri kwenye baraza za watu, wameloa, hadi mzazi atoke shambani kwenye mpunga. Tumewaona wakiwa hivyo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Wageni hushangaa kusikia habari za mafuriko katika tambarare kavu kama hii. Ukanda wa msitu wa Kilimanjaro, upande wa kusini, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huku chini tunapata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Maji ya mlimani hushuka kwetu kwa mito ya Rau, Njoro, Karanga, Weruweru na mingine, yakielekea Kahe na hatimaye bwawa la Nyumba ya Mungu, na ndiyo maana mafuriko yanaweza kutufikia usiku ambao hapa kwetu hakujadondoka hata tone. Maji hayo hayo ndiyo yanayotulisha. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, inategemea mito ya Rau na Njoro, na familia nyingi za usharika huu zinaishi kwa mpunga wake. Hatuna mahali pengine pa kuhamia wala hatutafuti. Tunachotaka ni kujenga kama watu wanaojua mahali wanapoishi.

Jengo la zamani lilisimama juu ya msingi wa kozi tatu za tofali, uliowekwa moja kwa moja kwenye udongo mweusi. Kila mkulima hapa anaujua udongo huu: masika hunywa maji ukavimba, kiangazi hukauka ukapasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Unafaa sana kwa mpunga kwa sababu unashika maji, na kwa sababu hiyo hiyo haufai kubeba ukuta, kwa kuwa humwinua na kumshusha mwenye nyumba kila mwaka bila yeye kuona. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa miaka mingi kabla ya mafuriko. Ufa huo ulizibwa kwa saruji, ukapakwa rangi, ukarudi.

Usiku ule maji yalipofika milango ilikuwa imefungwa, kama inavyopasa kufungwa usiku. Mhandisi aliyekuja kukagua alitueleza jambo ambalo tungependa kila mjenzi wa Mabogini alijue. Maji yakisimama kimo cha mita moja nje ya ukuta, huku ndani yakiwa bado hayajapanda, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa nusu tani. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa na urefu wa mita saba, kwa hiyo ulibeba tani tatu na nusu zikiusukuma kutoka ubavuni, nao ulikuwa ukuta wa tofali tupu usio na nguzo za zege wala mkanda wa nondo wa kuufunga juu. Wakati huo huo maji yaliyokuwa yakikimbia kwenye pembe ya jengo yalichimba udongo chini ya msingi. Pembe ilikaa, ukuta ukalala, bati likafuata. Tunamshukuru Mungu kwamba ilikuwa usiku. Jirani zetu walisema maneno hayo asubuhi ile, nasi tunayarudia kwa hofu, kwa sababu kuta za namna ile haziangalii saa.

Masika yale nchi nzima iliomboleza. Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kutokana na mvua na mafuriko, na hapo Wilaya ya Hanang' ilikuwa haijapona maporomoko ya tope ya Desemba 2023. Wenzetu wa Arusha walizika watoto waliosombwa na maji wakiwa kwenye gari la shule. Baada ya mambo hayo hakuna kamati ya ujenzi inayoweza kuwaweka watoto chini ya paa bila kujiuliza swali la maji kwanza.

Wapo wanaotuuliza kama kiwanja chetu kiko mahali pasiporuhusiwa. Hakiko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, nasi tuko mbali zaidi ya hapo. Lakini tunaomba ieleweke kwamba mita hizo zinaulinda mto na kingo zake, na hazimhakikishii mtu wa tambarare aliye mbali nao kwamba maji hayatamfikia. Kipimo tunachokifuata sasa ni alama ya tope iliyobaki kwenye ukuta wa kanisa. Tumeomba isipakwe rangi. Sakafu ya madarasa mapya itakuwa sentimita 60 juu ya alama hiyo.

Ili kuifikisha sakafu hapo, udongo mweusi wote ulio chini ya jengo utaondolewa hadi kwenye ardhi ngumu, ambayo mashimo ya majaribio yameonyesha kuwa iko kina cha takriban mita moja na nusu. Mahali pake itajazwa moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, na kila tabaka litamwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya jingine kuwekwa. Hapa ndipo majengo mengi huharibika, kwa sababu fundi anayeharakishwa humwaga lori zima kwa mara moja, akashindilia juu tu, na chini pakabaki utupu. Ukuta wa msingi utakuwa wa mawe na saruji, nguzo za zege zitaanzia chini kabisa na kufungwa kwa nondo kwenye mkanda wa juu, na pembe mbili zinazopokea mkondo zitalindwa kwa mawe makubwa ili maji yasichimbe. Mchanga utaoshwa kwanza, maana mchanga wa mtoni wenye tope huua nguvu ya saruji. Vipande vya zege vitapelekwa maabara kupimwa siku ya 7 na ya 28, na zege lililomwagwa litanyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7, hata kama wapo watakaoona tunachelewesha kazi.

Vyoo navyo vitainuliwa na mashimo yake kujengewa. Waliokuwepo wanajua kilichotoka kwenye vyoo vya shimo asubuhi ya mafuriko na kilikoelekea, na wanajua visima vilivyokuwa jirani.

Jambo moja tulilijadili kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Ukiinua kiwanja chako, maji yaliyokuwa yakipita hapo hayatoweki, yanakwenda kwa jirani. Kwa upande wetu wa mashariki kuna nyumba za wajane wawili na madrasa ya majirani zetu Waislamu, ambao waliwafungulia watoto wetu milango wiki ile ya kwanza na kuwapikia uji bila kuuliza ni wa dini gani. Hatuwezi kuwalipa kwa kuwasukumia mafuriko. Kwa hiyo tutainua eneo la madarasa peke yake, kiwanja kingine kitabaki chini kama kilivyo, na makalavati mawili yatawekwa ili mkondo uendelee na njia yake ya zamani. Makalavati hayo yameongeza gharama. Tumekubali.

Gharama yote ni shilingi milioni 66, na kati ya hizo milioni 29 zinaishia chini ya sakafu. Tunajua mtakachosema, kwa sababu wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa kwa shilingi milioni 20 kila moja, na kwa hesabu hiyo mawili ni milioni 40. Bei zimepanda tangu wakati ule, lakini sababu kubwa ni ardhi. Darasa la Machame au Marangu halihitaji kuondolewa mita moja na nusu ya udongo, na darasa la Mabogini linahitaji. Anayetaka kujenga huku kwa bei ya kule atajenga mara mbili, kama sisi.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta kuizunguka dari yake, ili damu isije juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Tumelisoma neno hilo katika kikao cha kamati na likatunyamazisha. Mungu hakusema kuanguka ni mapenzi yake. Alimkabidhi mjenzi wajibu, akautaja pamoja na damu. Kwa hiyo tunawasihi wale wanaosema mafuriko ni kazi ya Mungu na kwamba msingi wa bei hii ni ukosefu wa imani, walisome neno hilo pamoja nasi.

Sasa tuseme linalotuuma. Usharika huu si maskini wa moyo. Mnada wa sikukuu ya mavuno mkungu mmoja wa ndizi huuzwa na kurudishwa, ukauzwa tena, hadi thamani yake ikapita ya mbuzi. Fedha za kinanda na za vipaza sauti zilipatikana upesi, na kila dirisha la kanisa lilipata mfadhili wake kabla fundi hajapima. Fedha za msingi zimesuasua tangu Pasaka. Bahasha nyingi zilizochukuliwa hazijarudi, na baadhi ya ahadi zilizotamkwa mbele ya madhabahu, kwa sauti na kwa makofi, bado ni ahadi. Tunaelewa kwamba hakuna jina la mtu litakaloandikwa kwenye moramu. Hata hivyo tunawaomba wazee wetu mliosoma kwa kahawa ya wazazi wenu, na vijana mnaopanda mlimani kila Desemba na kupita barabara ya juu bila kushuka kututazama, mkumbuke kwamba watoto hawa ni wenu.

Harambee itafanyika Jumapili ya pili ya mwezi Agosti, mara baada ya ibada ya pili. Hatuwezi kusogeza mbele zaidi ya hapo, kwa kuwa uchimbaji lazima ufanyike ardhi ikiwa kavu na jamvi, yaani zege la sakafu, limwagwe kabla ya vuli kuanza mwezi Oktoba. Msingi uliochimbwa ukanyeshewa ni msingi wa kuchimba upya. Mwenye fedha alete fedha, kupitia akaunti ya ujenzi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo au kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake. Asiye na fedha alete saruji, nondo, kokoto, lori la moramu, au mikono yake: msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuondoa udongo utaanza Jumamosi inayofuata saa moja asubuhi, na akina mama wamekwisha kupanga zamu za chakula. Udongo mweusi utakaotoka utagawiwa bure kwa mwenye shamba anayeuhitaji, mradi aje na chombo cha kuubebea.

Kila mchango utatolewa stakabadhi. Mapato na matumizi yatasomwa ibadani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na kubandikwa ubaoni, na hesabu zitakaguliwa na mkaguzi ambaye si mjumbe wa kamati. Majibu ya vipimo vya zege yatabandikwa papo hapo, yawe mazuri au mabaya.

Mashimo ya majaribio yamezungushiwa uzio na yataachwa wazi hadi siku ya harambee. Mhandisi atakuwepo baada ya ibada kuwaonyesha mahali udongo mweusi unapokoma na ardhi ngumu inapoanza, na kujibu maswali ya yeyote anayetaka kuelewa kabla ya kutoa, wakiwemo wanaopanga kujenga nyumba zao wenyewe katika kata hii.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Ujenzi, kwa niaba ya Baraza la Wazee