Fundi wako asitie makasi bado

Shoga yangu,

Assalam aleikum. Habari za Malindi, mama hajambo? Huku Amu (Lamu) sote wazima alhamdulillah, ni joto tu na punda kama kawaida. Usione nimekutia blutiki siku mbili ukadhani najivuna. Picha ya hicho kitambaa cha shifoni cha maua unachotaka kushonea gauni la harusi ya wifi yako niliiona usiku ule ule, nikajaribu kukujibu kwa voisi ikawa ndefu mpaka nikajichoka mwenyewe nikaifuta, nikaona bora niketi niandike. Kabla hujasoma zaidi, mpigie huyo fundi umwambie aweke makasi chini.

Kitambaa ni kizuri, sikatai. Zambarau na manjano ziko pande mbili zinazotazamana kwenye lile duara la rangi tulilochoreshwa chuoni hadi nikaliota, ndo maana kila moja yaifanya mwenzake iwake. Shida si rangi, shida kila ua ni kubwa kama sahani ya chai na wewe shoga kimo chako wakijua (usininunie, hata mimi ni wa hapo hapo). Ukikatiwa dera la upana mmoja toka bega mpaka mguu, kwenye hiyo harusi ya wifi yako watu wataona maua yanatembea, mwenye maua hawamuoni.

Mi ningefanya hivi. Mshono wa kiuno upande juu, ukae chini kidogo ya kifua, ili gauni ligawike theluthi moja juu na theluthi mbili chini, manake ukigawa nusu kwa nusu jicho linaona vipande viwili vifupi. Alafu mbele katikati, toka shingoni hadi upindo, tia ukanda mwembamba wa zambarau tupu. Na mtandio nao uwe zambarau ile ile tupu, usiniletee wa maua tena.

Ile hadithi ya mamako kuwa mistari ya kulala inanenepesha, mwambie kuna Mjerumani mmoja, Helmholtz, tangu 1867 alieleza kuwa ukichora miraba miwili iliyo sawasawa, mmoja ukaujaza mistari ya kulala na mwingine ya kusimama, ule wa mistari ya kulala ndo waonekana mrefu zaidi. Na 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York huko Uingereza wakaandika kuwa wameijaribu kwa picha za wanawake waliovaa nguo, ikawa mistari ya kulala hainenepeshi kama watu wanavyodhani. Mi mwenyewe sikuamini mpaka nikachora. Ukanda wangu ni kitu kingine, huo uko peke yake, ni njia ya jicho kupita, ukiuongezea wenzake kumi mambo yashabadilika.

Sasa ngoja nikuchekeshe, na ukimwambia mtu tumekosana. Unakumbuka nilivyotoka chuoni najua kila kitu? Urari, uwiano, msisitizo (jicho litue wapi kwanza), mrudio, zile kanuni za usanifu zote kichwani. Akaja mama mmoja na doti la leso, ana sherehe ya kupamba Ijumaa, ataka blauzi yenye mkia wa marinda na sketi. Jina la leso lilikuwa "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake", ndilo alilolitafuta dukani, kuna mtu alikusudia kumsema. Mimi nikaikata ile leso kama ninavyokata kitenge. Kitenge popote unapokata maua yapo, lakini leso ni kitu kilichokwisha kupangwa, ina pindo lake pande zote nne, ina mji wake katikati, ina jina lake chini, kila kitu kina mahali. Nikaweka pindo likae mwisho wa mkia wa blauzi, nikaona nimepatia kweli. Kumbe jina lote limeenda nyuma, limelala makalioni toka nyonga hadi nyonga. Hapo hata sijakwambia kuhusu zipu. Zipu nimeiweka nyuma katikati, na katikati ya maneno yale ni pale pale penye "siogopi", mshono ukala "si" yote. Mama akavaa, akageuka kwenye kioo, bintiye akasoma kwa sauti, "Naogopa simba na meno yake, ogopi mtu kwa maneno yake." Kimya. Yule mtu wa kusemwa angelicheka mpaka akae chini!

Nililia wallahi. Nikaingia mfukoni nikanunua doti lingine, na mara ya pili hata makasi sikuyagusa asubuhi nzima, nilimvika ile leso kwa pini, mama wa watu kasimama mikono juu kama ashikwa na polisi, mimi nasogeza pindo hapa natoa pale. Zipu ikaenda ubavuni. Jina likashuka likakaa mbele, upindoni mwa sketi, mtu akitaka kulisoma lazima ainamishe macho. Msisitizo niliufahamu siku hiyo, si darasani.

Na nyanya alivyosikia hakunihurumia hata kidogo. Yeye si unajua kashona kofia za vito maisha yake yote, nyeupe kwa uzi mweupe, hana rangi ya kujifichia, ana vitundu tu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa miezi. Akanitia kofia mkononi akaniambia nitafute pale ua la kwanza na la mwisho yanapokutana. Nikazungusha ule ukanda wa pembeni mara tatu sikupaona. Ati yeye huhesabu nafasi zote kabla ya kutoboa tundu la kwanza, kwa sababu ukikosea hapo mwanzo, nyuma maua yatakutana nusu kwa nusu na hakuna wa kuivaa. Miaka miwili ya chuo, na hilo somo lilikuwa nyumbani limekaa kwenye mkeka latafuna tambuu.

Haya turudi kwako. Shanga zako ulizonunua, chagua, ama shingoni ama mikononi. Umetaja shingo, mikono, mshipi na mtandio wenye mawe, shoga, utakuwa duka. Mi ningetia shingoni tu, ili watu wakutazame uso, una uso mzuri.

Na mkia wa gauni usahau kabisa kama kweli harusi ni huku mtaani kwetu Langoni. Vichochoro unavijua, punda akija ni kujibandika ukutani, na kuta zetu palipobanduka plasta yale matumbawe ni kama kikwaruzo cha nazi, shifoni haitoki salama. Upindo ukae juu ya kifundo cha mguu vidole viwili, na chini utie bitana ya pamba, manake kwa jua la huku hiyo shifoni yaonyesha kila kitu.

Ukikubali nikushonee mimi, hiyo shifoni iloweke kwanza uianike kivulini, isije ikaruka baada ya kushonwa, alafu mpe mtu wa basi aje nayo mpaka gatini Mokowe, mdogo wangu atavuka kuichukua. Nipimie na hizi uniandikie: bega hadi chini ya kifua, hapo hadi kifundo, na nyonga. Nyonga upime kweli, usivute pumzi ndani kama mara ile.

Msalimie mama, na huo ubishi wa mistari usimwambie nimeuleta mimi.

Shogayo wa Langoni