Mtoto wa mwaka mmoja apewe sakafu, si woka

Mhariri,

Mtoto akikaribia kutimiza mwaka, majirani huanza kuhesabu. “Wangu alitembea na miezi tisa, wako bado?” Maneno kama haya ndiyo yanayowafanya wazazi wengi hapa Kisumu kununua woka, kile kigari cha plastiki ambacho mtoto huketishwa katikati, vidole vya miguu vikigusa chini. Nawasihi wasinunue.

Kwanza, hofu yenyewe haina msingi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka wa 2006 viwango vya mwendo wa watoto wenye afya, na kutembea bila kushikwa kulionekana kuanza popote kati ya miezi 8 na takriban 18. Wengine hawatambai kabisa. Hujivuta kwa makalio, au huinuka moja kwa moja.

Mtoto aliye sakafuni hujivuta kwenye kiti mpaka akasimama dede, hukunja magoti arudi chini polepole, kisha huenda upandeupande akishika kochi. Nyonga na mgongo hupata nguvu hapo, na akili hujifunza mizani. Ndani ya woka, kiti ndicho kinachobeba uzito. Mtoto husukuma kwa ncha za vidole, trei humziba asione miguu yake, na akiyumba haanguki, kwa hivyo hajifunzi kujizuia. Ndiyo maana woka huweza kuchelewesha kutembea badala ya kuharakisha.

Hatari ni kubwa zaidi. Woka huenda zaidi ya mita moja kwa sekunde, kasi ambayo mtu aliyeinama akiosha vyombo hawezi kuiwahi. Nyumba zetu nyingi zina ngazi mlangoni, mtaro mbele yake, na jiko la makaa kwenye veranda. Tena woka humwinua mtoto akafikia kikombe cha chai na waya wa pasi. Kanada ilipiga marufuku vigari hivi mwaka wa 2004, na sioni kwa nini sisi tuendelee kuviuza.

Tandika jamvi, mvue mtoto soksi, maana huteleza kwenye saruji. Weka viti viwili vizito, nafasi ya hatua moja kati yao, na juu ya cha pili uweke mfuniko wa sufuria. Atauendea. Akizoea, sogeza kiti kidogo. Ukitaka kumpa kitu cha kusukuma, chukua katoni ngumu utie pakiti mbili za unga za kilo 2. Ikiwa tupu hukimbia mbele naye akaanguka kifudifudi. Unapomtembeza, mshike kifuani au kiunoni. Ukimvuta kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa, mwili hulalia mbele na hapati mizani yake mwenyewe.

Bila shaka mtoto aliye huru hufikia kila kitu. Parafini isikae kwenye chupa ya soda. Ndoo ya maji ifunikwe, hata ikiwa na maji kidogo: kichwa chake ni kizito, akiinamia hawezi kujitoa. Umri huu pia huokota kwa kidole gumba na cha shahada, hivyo njugu au betri ya saa iliyoanguka huishia mdomoni. Ustadi huohuo utumieni mezani: mpeni vipande vya ndizi mbivu, au kiazi kitamu kilichochemshwa hadi kinapondeka kati ya vidole viwili, ajilishe. Atachafua, na aachwe achafue. Njugu nzima zingoje mpaka apite miaka mitano. Akitupa kijiko mara kumi, si utundu. Anachunguza kinaenda wapi na kama utamrudishia.

Mpelekeni kliniki, mkibeba kijitabu cha mama na mtoto, iwapo kwenye mwaka mmoja hawezi kusimama hata akishikilia kitu, haitiki jina lake, hutumia mkono wa upande mmoja tu, au ameacha jambo alilokuwa akilijua. Kwa aliyefika miezi 18 bila kutembea, msingoje tena. Miezi 12 ni wakati wa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, kwa hivyo safari ni moja. Muulizeni muuguzi siku hiyohiyo.

Muuguzi wa kliniki ya watoto,
Kisumu